Aliyekosewa Hurudishiwa Nini?

Watu wazima wengi wakiona vijana wanacheza mpira hupita njia yao, wakidhani kwamba pale hapana neno la kujifunza ila jasho na kelele. Walakini kila mchezo wenye sheria na mwamuzi ni baraza dogo. Shauri huletwa, hukatwa, na hukumu hutimizwa papo hapo mbele ya macho ya watu wote. Mambo ambayo barazani huchukua miezi, kiwanjani huonekana kwa dakika moja, na swali lililojificha ndani ya mashauri yetu hutokea wazi. Swali nitakalo kulitazama mwezi huu ni hili: mtu akikosewa, kisha mkosaji akahukumiwa, yule aliyekosewa hurudishiwa nini hasa?

Tuchukue mpira wa kikapu. Mchezo huu umo katika mashindano ya UMISSETA, ambayo vijana wa shule za sekondari za Tanzania hushindana. Basi tufanye kwamba shule mbili za wilaya ya Kibiti zakutana katika kiwanja cha udongo kisicho mbali na barabara kuu iendayo Kilwa na Lindi. Kijana mwenye mpira ampita mlinzi wake upande wa kulia. Mbele yake amebaki mlinzi mmoja tu chini ya kikapu, na mwenzake mmoja anamngoja upande wa pili akiwa peke yake. Yule mlinzi aliyepitwa anyoosha mkono kuutafuta mpira, aukosa, ampiga mwenziwe mkono. Mwamuzi apiga filimbi. Yule kijana hakuwa ameanza kuutupa mpira kikapuni, wala timu ya mlinzi haijatimiza makosa 4 katika robo ile ya mchezo. Hukumu ni nini? Mlinzi huandikiwa kosa 1, na mpira hutolewa nje ya mstari, mahali palipo karibu zaidi na pale kosa lilipotendeka. Hapo apewa mmoja wa timu iliyokosewa ili auingize tena kiwanjani, naye ana sekunde 5 za kuurusha.

Wachezaji wakijipanga, watazamaji wananung'unika, nao wana sababu. Mpira umerudi kwa mwenyewe, ni kweli. Lakini ile njia iliyokuwa wazi haikurudi. Mlinzi aliyeachwa nyuma sasa amesimama mbele ya mtu wake, wenzake wote wamekwisha kushika mahali pao, na yule kijana aliyekuwa peke yake ana mtu ubavuni. Aliyekosewa ana mpira mkononi na hana nafasi aliyokuwa nayo. Aliyekosa ameandikiwa alama moja katika karatasi ya mwandishi, na ameponya timu yake.

Kabla hatujawalaumu waliotunga sheria, yafaa tujue ilikotoka. Mchezo huu ulitungwa mwezi wa Desemba mwaka 1891 katika mji wa Springfield, Marekani, na mwalimu mmoja aliyezaliwa Kanada, jina lake James Naismith. Aliandika kanuni 13. Aliagiza kwamba mtu asimsukume mwenziwe, wala kumshika, wala kumkwaa, wala kumpiga. Akikosa mara ya kwanza ahesabiwe kosa. Akikosa mara ya pili atoke kiwanjani hata bao lifuatalo lipatikane. Na kama ilikuwa dhahiri kwamba alikusudia kumwumiza mwenziwe, atoke kwa mchezo wote, wala mtu mwingine asiingie badala yake. Timu ikikosa mara 3 mfululizo, wapinzani wahesabiwe bao. Msomaji aona kwamba tangu mwanzo mwamuzi aliambiwa atazame vitu viwili: tendo lenyewe, na nia ya mtendaji pale inapoonekana. Tena Naismith aliweka waamuzi wawili, mmoja wa kuwatazama watu na mmoja wa kuutazama mpira. Hilo lakumbukwa na wachache, nami naliona kuwa ni neno la busara kubwa, maana mtu mmoja hawezi kuuona mpira na kiuno cha mchezaji kwa wakati mmoja.

Habari ya kuingiza mpira ilikuwamo pia katika kanuni zile, na zile sekunde 5 ni za tangu siku hiyo. Lakini hapo kwanza, mpira ukitoka nje, ulikuwa wa mtu wa kwanza kuufikia. Hebu fikiri yaliyotokea. Vijana walitimka kwa pamoja, wakapigana vikumbo, wakarukiana nje ya mstari mahali ambapo kanuni haziwafikii sawasawa, na aliye na nguvu ndiye aliyepata haki. Mwaka 1913 jambo hilo lilibadilishwa, na tangu hapo mpira ukitoka hupewa wapinzani wa yule aliyeugusa mwisho. Neno hili laonekana dogo, kumbe ndani yake mna mageuzi makubwa: mahali pa mbio na nguvu pamewekwa mkono wa mwamuzi. Yeye ndiye ashikaye mpira, ndiye aonyeshaye mahali, ndiye ampaye anayestahili.

Sasa turudi katika lile neno la sheria, mahali palipo karibu zaidi. Mimi nalipenda, kwa kuwa ni neno la kweli. Sheria haikusema kwamba itamrudisha mtu pale pale alipokuwa, na jambo lile lile, kana kwamba halikutendeka neno. Hiyo haiwezekani, wala haikuahidiwa. Sheria yasema karibu. Kazi yote ya mwamuzi ni kulifanya karibu hilo liwe karibu kweli, na humo ndimo waamuzi wanamopitana.

Mwamuzi mvivu humpa kijana mpira mahali popote pale yeye mwamuzi aliposimama, ili asitembee. Mwamuzi mwangalifu hukumbuka kosa lilitendeka wapi, akaenda huko. Hatua tano ni kitu gani, mtu aweza kuuliza. Kwa mchezaji hatua tano ni tofauti kati ya kuona kikapu na kuona migongo ya watu. Tena sheria yenyewe imeweka kikomo kimoja chenye maana: hata kosa likitendeka chini kabisa ya kikapu, mpira hauingizwi kutoka nyuma ya ubao. Kwa sababu gani? Kwa sababu ubao ungemzuia mrushaji, na ile haki aliyopewa ingekuwa haki asiyoweza kuitumia. Basi husogezwa kando kidogo, mbali kidogo na kosa, ili apate kurusha kweli. Ni kama kumfidia mkulima kwa kumpa shamba katika mbuga ambayo maji hayajaitoka: hesabu ya ekari ni sawasawa, karatasi ni safi, naye hana pa kutia jembe.

Muda nao hurudishwa kwa kadiri. Timu yenye mpira ina sekunde 24 za kutafuta bao. Ikikosewa katika nusu yake ya nyuma, na mpira ukaingizwa huko, hesabu huanza tena 24. Ikikosewa mbele, karibu na kikapu cha wapinzani, hutazamwa zilizobaki: zikiwa 14 au zaidi, huendelea zizo hizo, zikiwa 13 au pungufu, huongezwa zikawa 14. Waliotunga walijua kwamba kumrudishia mtu mpira wenye sekunde 2 ni kumdhihaki.

Lakini yako mambo ambayo hayarudi kwa njia yoyote, na mtu mjanja huyajua kuliko mwamuzi. Hapo ndipo lile shauri gumu linapoanza. Maana mlinzi wa mfano wetu wa kwanza alinyoosha mkono akiutafuta mpira. Alikosea, walakini alikuwa akicheza. Itakuwaje kwa yule ambaye hakuutafuta mpira hata kidogo, bali alipiga hesabu kichwani: nikimshika, nitaandikiwa kosa 1, nisipomshika, watapata bao, basi bora nimshike? Huyu hakukosa kwa bahati mbaya. Amenunua kitu, na sheria ndiyo iliyomwambia bei.

Wasomaji wengi watakumbuka siku ya tarehe 2 Julai 2010, mjini Johannesburg, Ghana ilipocheza na Uruguay katika Kombe la Dunia la kandanda. Mabao yalikuwa 1 kwa 1, na dakika za nyongeza zilikuwa zikiisha. Mpira ulikuwa unaingia golini, naye Luis Suárez, ambaye hakuwa kipa, akauzuia kwa mikono juu ya mstari. Mwamuzi hakukosea neno hata moja: alimtoa Suárez kwa kadi nyekundu, na Ghana wakapewa penalti. Asamoah Gyan akaupiga mpira ukagonga mwamba wa juu. Kisha Uruguay wakashinda kwa mikwaju ya penalti, 4 kwa 2. Afrika nzima ililia siku ile, na wengine husema mpaka leo kwamba Suárez ni mwizi, na wengine kwamba ni mzalendo aliyejitoa kwa ajili ya nchi yake. Mimi sitaki kumhukumu. Natazama sheria tu. Ilimpa aliyekosewa kitu cha karibu na bao, na karibu ile haikutosha.

Katika kikapu hesabu hizi hufanywa zaidi, kwa kuwa makosa ni mengi na bei ya moja ni ndogo. Mwezi wa Desemba mwaka 1997, kocha wa timu ya Dallas, Don Nelson, alimwagiza mchezaji wake Bubba Wells amkosee makusudi Dennis Rodman wa Chicago kila mara, kwani Rodman alijulikana kuwa hodari wa mambo mengi ila si wa mitupo huru. Wells alitimiza makosa 6, yanayomtoa mtu katika ligi ile, kwa muda wa dakika 3 tu. Rodman siku hiyo akafunga mitupo 9 katika 12, na Chicago wakashinda. Habari hii huchekesha, nami nilicheka niliposoma. Lakini cheko likiisha, ona kilichotendeka kwa kijana Wells: aliingizwa kiwanjani awe sarafu ya kulipia makosa, na alipokwisha kutumika akaketi.

Watu watajibu, Kuna ubaya gani? Kitabu cha sheria kimeweka kosa na malipo yake. Anayelipa hana deni. Wachezaji wote walijua hivyo kabla ya kuanza. Jibu hili si la kijinga, wala sitaki kulipita haraka. Ni kweli kwamba katika mchezo wote wameingia kwa hiari. Ni kweli pia kwamba aliyekosewa naye kesho atafanya hesabu ile ile. Kama pande zote mbili zimekubali kwamba kushikana mwishoni mwa mchezo ni sehemu ya mchezo, nani amedhulumiwa?

Nadhani jawabu limo katika tofauti ya maneno mawili tunayoyachanganya kila siku, adhabu na bei. Aliyelipa bei yuko huru kununua tena. Muuza duka humshukuru na kumkaribisha arudi. Aliyepata adhabu ameambiwa asirudie. Fedha yaweza kuwa ile ile, shilingi kwa shilingi, lakini maneno mawili haya yasema mambo yanayopingana. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa uchumi, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walitangaza uchunguzi wao walioufanya katika nyumba 10 za kulelea watoto mjini Haifa, nchi ya Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao jioni, na walimu walilazimika kungoja. Basi katika baadhi ya nyumba hizo ikawekwa faini ndogo kwa kila anayechelewa. Wazazi waliochelewa hawakupungua, walizidi sana. Kwanza walikuwa wakiona haya mbele ya mwalimu. Sasa waliona kwamba wanalipa, na mwenye kulipa haoni haya. Tena faini ilipoondolewa, haya haikurudi.

Mambo haya hayako mbali na delta ya Rufiji. Mikoko ya delta ile ni msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote katika Tanzania, na boriti zake zilikwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi kwa majahazi tangu zamani za mababu. Siku hizi sehemu zake zimefyekwa ili kupanda mpunga. Anayekamatwa akikata bila ruhusa hutozwa faini. Mtu mmoja akitozwa, hujuta na kuacha. Mwingine huhesabu: mavuno ya mpunga ni kadha, faini ni kadha, iliyobaki ni faida. Huyu wa pili ameigeuza sheria kuwa duka, na mkoko hauhesabu hivyo. Uliokwisha kukatwa haurudi kwa stakabadhi.

Au tazama shauri la ng'ombe na mpunga, ambalo limeumiza watu wengi zaidi. Baada ya mwaka 2006 mifugo mingi iliondolewa katika bonde la Usangu, na wafugaji wengi wakahamia na ng'ombe zao sehemu za Pwani na Lindi, Rufiji ikiwamo. Tangu hapo ugomvi wa wakulima na wafugaji umekuwa habari ya mara kwa mara katika bonde lile. Ng'ombe wakiingia shamba la mpunga usiku mmoja, asubuhi hapana shamba. Wazee huenda kutazama, hasara hukisiwa kwa magunia, na fidia hulipwa. Mkulima amepata fedha. Lakini je, amerudishiwa msimu? Maji ya mto hayatapanda tena kwa ajili yake mwaka huu. Zile siku alizolala juu ya dungu akiwinga ndege hazimo katika hesabu ya magunia. Naye akisikia kwamba mwenye ng'ombe alisema, Acha wale, nitalipa, ndipo moyo wake unapowaka. Neno hilo humchoma kupita hasara, kwa kuwa limemwambia kwamba jasho lake lina bei, na kwamba bei hiyo hupangwa na mtu mwingine, wala yeye hakuulizwa kama anauza.

Hapa ndipo mfano wa kiwanjani unapofika mwisho wake, na ni haki niseme hivyo. Wachezaji walikubali kitabu kabla ya filimbi ya kwanza. Mkulima hakukubali kitabu chochote. Tena mfugaji naye ana shauri lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyehamishwa kwanza kutoka malisho yake ya zamani, na mahali palipo karibu alipoonyeshwa palikuwa na wenyewe. Mwenye kukata shauri la wawili hawa asipoyajua makosa yaliyotangulia, atatoa mpira mahali pasipo pake.

Basi waliotunga sheria za kikapu walifanya nini walipoona kwamba adhabu yao imekuwa bei? Wamefanya mambo mawili, na yote mawili yafaa kutazamwa.

La kwanza ni la nia. Liko kosa liitwalo kosa lisilo la kiungwana. Mlinzi akimgusa mwenziwe pasipo kujaribu kwa haki kuucheza mpira wenyewe, au akimshika kwa nyuma yule anayekwenda kikapuni na mbele yake hapana mtu, timu iliyokosewa hupata mitupo huru 2, na baada ya mitupo mpira ni wao pia. Mwamuzi hakuambiwa asome moyo, kwani moyo hausomeki. Ameambiwa atazame mkono: je, ulikwenda kwenye mpira, au ulikwenda kwenye fulana? Hilo mtu aweza kuliona kama yuko karibu.

La pili ni jipya zaidi. Timu iliyotanguliwa kwa pointi chache mwishoni mwa mchezo hutaka kitu kimoja, yaani kwamba saa isimame na mpira urudi kwao. Mchezo ukiwa umesimama na mpira u nje mikononi mwa mrushaji, saa haiendi. Mlinzi akimkosea mtu aliye ndani ya kiwanja wakati huo huo, kabla mpira haujarushwa, hakupoteza hata sekunde 1. Wapinzani huenda kutupa mitupo yao, kisha mpira ni wake. Kwa hiyo kumshika mtu kabla mpira haujaingia kulikuwa rahisi kuliko kumshika baada ya kuingia. Hapo zamani kidogo, tendo hilo katika dakika 2 za mwisho lilihesabiwa moja kwa moja kuwa si la kiungwana. Waamuzi wengi waliona ugumu, maana mguso mdogo tu, wa vijana wanaogombea nafasi, ulipata adhabu ya mtu mkorofi. Basi tangu tarehe 1 Oktoba 2022 FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, limeweka jina jipya: kosa la wakati wa kuingiza mpira. Saa ikionyesha dakika 2 au pungufu katika robo ya nne au katika muda wa nyongeza, mlinzi akimkosea mtu aliye kiwanjani huku mpira ukiwa bado mkononi mwa mwamuzi au mwa mrushaji, timu iliyokosewa hupata mtupo huru 1, hata kama makosa ya wapinzani ni machache, kisha wao hao hao huingiza mpira tena, mahali palipo karibu na pale kosa lilipotendeka.

Tafakari hukumu hii, kwani mimi naiona kuwa ni ya watu waliofikiri sana. Haimwiti mkosaji mtu mbaya. Haiulizi alikusudia nini. Lakini faida aliyoitafuta haimo: saa haikwenda, ni kweli, walakini mpira haukuwa wake, na mambo yamerudi pale pale yalipokuwa, ila wapinzani wana pointi moja zaidi wakiipata. Akirudia, itakuwa vivyo hivyo. Duka limefungwa pasipo kumtukana mnunuzi. Nadhani hukumu ya namna hii hufaa mahali pengi kuliko ile ya kuzidisha ukali, kwani ukali ukizidi kipimo, waamuzi wenyewe huogopa kuutumia, nao hujifanya hawakuona.

Na bado yote yategemea jicho. Mpira ukiwa bado mkononi, hukumu ni hiyo. Ukiisha kutoka mkononi, ni kosa la kawaida, na hesabu yote yabadilika. Kati ya kuwa mkononi na kutoka mkononi pana muda mfupi kama kupepesa. Mrushaji yuko nje ya mstari, na aliyeshikwa yuko huenda katikati ya kiwanja. Nani ataviona vyote viwili? Hapo wale waamuzi wawili wa Naismith, mmoja wa watu na mmoja wa mpira, wahitajiwa tena kwa njia nyingine: aliye karibu na mrushaji hutazama mkono wake, na mwenziwe hutazama wale wanaosukumana, nao hawana budi kusikilizana kabla ya kutoa neno. Kitabu cha FIBA chawaagiza waamuzi kwamba kila wanapopima mguso wafikiri maana na kusudi la sheria; tena waangalie kwa namna moja siku zote kama mmoja amepata faida isiyo ya haki na mwingine amepata hasara; tena watumie akili, na kuuweka mchezo katika utaratibu pasipo kuukatakata. Mwenye kutaka kitabu kimfanyie kazi yote hapendi maneno hayo. Lakini kitabu kingeandikaje kila mguso wa kila mkono?

Liko neno moja la kutisha kidogo katika kitabu hicho, nalo wachezaji wachache hulijua. Ziko hukumu za makosa ya waamuzi wenyewe ambazo zaweza kusahihishwa baada ya kutolewa: mitupo huru iliyotolewa pasipo haki, au iliyonyimwa wenye haki, au iliyotupwa na mtu asiye wake, na pointi zilizohesabiwa au kufutwa kwa makosa. Hizo tu, tena kwa muda maalumu tu. Mpira aliopewa asiyestahili kuuingiza haumo katika orodha ile. Mchezo ukiisha kuendelea, umeendelea. Yule mwamuzi atajua moyoni mwake, watu watapiga kelele, mwandishi mezani atamtazama, wala hapana la kufanya. Wala asijaribu kulipa deni hilo kwa kuwapa waliokosewa mpira mwingine usio wao, kama waamuzi wengine wafanyavyo kwa siri. Hapo huwa amekosa mara mbili, na kosa la pili ni la kusudi.

Ndiyo sababu mwamuzi aliyefunzwa vizuri haharakishi pale. Filimbi ikilia, huinua mkono, huonyesha kosa na aliyelitenda, huonyesha upande ambao mpira utakwenda. Huenda mpaka mahali penyewe. Humtazama mwenziwe upande wa pili, kama naye ameona vivyo hivyo. Huwatazama wachezaji wote 10, na saa, na meza. Mpira bado anao yeye, nao vijana wanamnyoshea mikono wakimhimiza. Huungoja wakati wake, kisha humpa mrushaji mkononi, na kuanza kuhesabu sekunde 5 kwa mkono wake ulio mtupu.